Maswali yenu: Niliokoka, nikatoa, na bado nimeanguka

Bwana asifiwe Mwalimu. Mimi niko Nyamasaria hapa Kisumu, niko na miaka 38, bibi na watoto wawili. Niliokoka kwa krusedi Kondele na tangu hapo kesha sikosi, maombi ya asubuhi sikosi. Mwaka jana mtumishi wetu alisema huu ni msimu wa kupanda mbegu kubwa, nikauza pikipiki moja kati ya zile mbili nilikuwa nazo nikapeleka pesa yote madhabahuni na sikumwambia bibi. Baadaye ile imebaki ikapata ajali, kijana alikuwa anaendesha akalazwa, kodi ikanishinda, na bibi alipojua kuhusu ile pesa akachukua watoto akaenda kwao Ahero. Nikiuliza mtumishi ananiambia imani yangu ilikuwa ndogo. Si tunafundishwa mtu akijenga kwa Yesu hatikisiki? Mimi nimetikisika mpaka sijui kama niliokoka kweli. – Baba Wawili, Nyamasaria

Ndugu yangu, pole sana, na nianze na huyo kijana wa pikipiki kwa sababu kwa barua yako amepita haraka. Ametoka hospitali? Anatembea? Kama hujaenda kumwona tangu alazwe, nenda hii wiki, hata kama huna kitu mkononi, keti na yeye, uliza mamake vile wanaendelea. Mengine tutaongea lakini hiyo isingoje.

Sasa hiyo ya kutotikisika. Watu wengi wamefundishwa hivyo na mimi naumia nikisikia, kwa sababu Yesu mwenyewe hakusema hivyo. Fungua Mathayo 7 kuanzia mstari wa 24. Kuna watu wawili, kila mmoja ana nyumba, mmoja amejenga juu ya mwamba na mwingine juu ya mchanga, na mvua inanyesha kwa wote wawili, mafuriko yanakuja kwa wote, upepo unapiga nyumba zote mbili. Huyo wa mwambani hakupewa hali ya hewa tofauti. Galilaya kule wakati wa kiangazi mabonde yanakauka kabisa, mtu anaweza kujenga pale chini akaona mahali pazuri, tambarare, karibu na njia, na miezi mingi hakuna mtu atamwambia amekosea, mpaka mvua za msimu wa baridi zianze na maji yateremke kwa lile bonde kwa nguvu.

Wewe ni mtu wa Nyamasaria kwa hivyo hii nyingine unaijua kuliko mimi. Ule udongo mweusi wa Kano, wenye mafundi wanaita blak koton, wakati wa jua unapasuka nyufa unaweza kuingiza mkono, mvua ikija unafura, na ukijenga juu yake vile uko, ukuta unakatika hata kama simiti ilikuwa nzuri na mabati ni mapya. Fundi anayejua kazi anauchimba autoe mpaka afike pagumu ndio aanze kujaza mawe. Luka 6:48 inasema hivyo hivyo, kwamba yule mtu alichimba akaenda chini sana ndio akaweka msingi juu ya mwamba. Hiyo kazi haionekani mtu akipita barabarani, inakula pesa na jasho, na nyumba bado haijaanza kuonekana.

Kuchimba kwenyewe ni nini basi? Yesu alisema, ni kusikia maneno yake na kuyafanya. Na maneno gani? Yale ametoka tu kuyasema hapo mlimani, sura ya 5, 6 na 7. Mimi hushangaa vile tunahubiri ile nyumba ya mwambani kwa harusi, kwa mazishi, kwa ufunguzi wa kanisa, na zile mistari zaidi ya 100 zinazoifanya iwe na maana tunaziruka. Zisome leo jioni, ukiwa polepole ni kama nusu saa. Utakuta habari ya kupatana na mtu uliyemkosea. Utakuta ndiyo yako iwe ndiyo na siyo yako iwe siyo. Utakuta kutoa sadaka bila kupiga tarumbeta, kusali ukiwa umefunga mlango, kusamehe, kutojiwekea hazina duniani, kutosumbuka juu ya kesho. Hakuna mahali hapo Yesu ameahidi mtu akileta pesa ya pikipiki atarudishiwa pikipiki kumi.

Sasa tazama ile siku uliuza pikipiki. Pesa ilienda madhabahuni, sawa, na sitakuambia moyo wako ulikuwa mbaya, naamini ulitoa ukimpenda Mungu. Lakini ulimficha mama watoto. Ilikuwa mali ya nyumba, ilikuwa unga na karo, na yule mtu Mungu alikupa mkae pamoja akajua mwisho, tena sijui kama hata alijua kutoka kwako. Hapo ndio naona mchanga, ndugu yangu. Pale nyumbani, kwa ukweli kati yako na bibi, hakukuwa kumechimbwa. Kesha zote zile hazikufika hapo.

Na usifikiri nasema Mungu alikuadhibu na ajali. Hapana! Ajali ni ajali, barabara zetu tunazijua. Luka 13 kuna mnara ulianguka Siloamu ukaua watu 18 na Yesu akakataa kabisa mtu kusema ati hao walikuwa wabaya kuliko wengine. Hata huku kwetu, bwawa la Solai lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na watu zaidi ya 40 wakafa, nani atasimama mbele ya hizo familia aseme imani ilikuwa ndogo? Mtume Paulo alivunjikiwa na meli mara tatu, ameandika mwenyewe kwa 2 Wakorintho 11, na mimi sijaona mahali mtu amemwambia aongeze imani.

Hilo neno la imani ndogo lazima niliongelee vizuri kwa sababu naona ndilo limekuvunja kuliko hata kodi. Wale wanafunzi kwa mashua waliambiwa wana imani haba na bado Yesu alituliza bahari. Yule baba wa Marko 9 alilia mbele ya watu wote, naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, na mtoto wake akapona siku hiyo hiyo. Imani ndogo iliyomshika Yesu inabaki ni imani. Kwa hivyo lile swali lako la kama uliokoka kweli, mimi nasikia mtu ambaye bado anamtafuta Bwana wake hata baada ya kupoteza karibu kila kitu, na sioni mtu aliyepotea hapo.

Kuhusu mtumishi, sitamhukumu simjui. Lakini 1 Wakorintho 3:11 inasema hakuna mtu anaweza kuweka msingi mwingine isipokuwa ule uliokwisha kuwekwa, na huo ni Yesu Kristo. Ikiwa maisha yako yamekaa juu ya sauti ya mtu mmoja, akisema nzuri unasimama na akisema mbaya unaanguka, basi huyo mtu amekuwa msingi wako na hiyo kazi hakuitiwa. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, mtume mzima, na bado kila siku walikuwa wanachunguza Maandiko waone kama mambo ni hivyo, na Matendo 17:11 inawasifu. Na yule Simoni wa Matendo 8 alipoleta pesa ili apate nguvu ya Mungu, Petro alimkatalia palepale. Muulize mtumishi wako kwa heshima, mkiwa wawili, aonyeshe andiko la ile mbegu. Akikasirika kwa sababu umeuliza, tafuta kanisa lingine ambalo mzee anaweza kuulizwa.

Halafu nenda Ahero. Usiende peke yako na usiende na kelele, chukua mzee mmoja mnayemheshimu nyote wawili, ikiwezekana awe mtu anajulikana kwa wakwe. Usianze na "nimekuja kuchukua familia yangu." Anza na ile pesa. Sema ilikuwa ngapi, sema ulimficha, usiweke neno "lakini" na usimtaje shetani wala mtumishi, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata kama ni masaa mawili. Anaweza kukataa kurudi siku hiyo. Rudi tena. Na ukipata kazi hata ya kuendesha pikipiki ya mtu, ile pesa ya kwanza akaione yeye.

Hello Mwalimu, mimi ni mwanafunzi huku Njoro, mwaka wa pili. Nyumbani ni upande wa Kaimosi, tumelelewa kanisa la Friends (wale Quaker, wanaokaa kimya kwenye ibada) lakini kusema ukweli pale nilikuwa naboeka sana. Huku sina kanisa, nasikiliza mahubiri kwa simu kila siku, wahubiri wa Nairobi, wa Nigeria, wa Marekani, nikiwa na bando naweza sikiliza watatu kwa usiku. Najisikia vizuri lakini nikiamka niko vile vile, tena marumeti wangu wote wameanza kuishi na maboyfrendi na mimi naona karibu nitafuata tu. Je, mahubiri ya simu yanatosha? – Binti wa Njoro

Binti yangu, hayatoshi, na wewe umeshaona mwenyewe, ndio maana umeandika. Sio kwamba simu ni mbaya. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, askari wa zamu ya usiku, hao simu imewasaidia sana na namshukuru Mungu. Lakini mhubiri wa simu hajui jina lako, hajui umelala njaa, hawezi kukuuliza Jumapili mbona jana ulikuwa pale. Unasikia watatu kwa usiku na hakuna hata moja umepata nafasi ya kulifanya kabla ya linalofuata kuanza. Waumini wa kwanza, Matendo 2:42, walidumu katika mafundisho ya mitume, katika ushirika, katika kuumega mkate na katika kusali. Ushirika na kuumega mkate huwezi kufanya na skrini.

Punguza. Chukua Injili moja, Marko ni fupi, sura 16, soma kipande kidogo na ujiulize leo nifanye nini na hii, halafu ukifanye kabla ya kulala. Tafuta kanisa moja Njoro au Nakuru mjini unaloweza kufika kwa miguu au matatu moja, ukae hata kama kwaya si nzuri, na uombe mama mmoja wa hapo akujue kwa jina. Huyo mama, sio mimi, ndiye utampigia usiku wa saa nne marumeti wakikuvuta. Na ukiweza ubadilishe chumba muhula ujao, badilisha, tena bila aibu yoyote. Imani haikatazi mtu kutoka mahali panapomshinda, Yusufu alikimbia akaacha nguo.

Na kuhusu hiyo Friends ya kwenu usiitupe haraka hivyo. Wale Wamarekani watatu waliofika Kaimosi mwaka 1902, Hotchkiss, Hole na Chilson, walileta Neno pamoja na kazi za mikono, shule na matibabu vikafuata, na kimya kile unaona kinaboesha nyanya zako walikaa nacho wakimngojea Mungu. Likizo ukirudi, muulize nyanya alikuwa anaomba nini kwenye kile kimya, halafu uniandikie amesema nini, nataka kujua kweli.

Mwalimu, niko na deni la chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, shilingi 6,000 na wanawake wenzangu wameanza kuninunia. Mwezi huu nimepata pesa ya mahindi. Nitoe fungu la kumi kwanza au nilipe chama? – Mama wa Kakamega

Mama, Mathayo 5:23 na 24. Umeleta sadaka, ukakumbuka mwenzako ana neno juu yako, acha sadaka hapo hapo, nenda mpatane, kisha urudi utoe. Yesu hakusema sadaka isitolewe, amesema ingoje. Hao wanawake pia wana watoto na ni zamu ya mmoja wao kupokea. Wazee wetu wa Uamsho, ule ulioanza Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika mpaka Maseno, walikuwa wanajulikana kwa kitu hicho, mtu akiokoka anarudisha alichochukua na kulipa anachodaiwa, hata jirani asiyeenda kanisa anajua kumetokea kitu.

Kama pesa ya mahindi haifiki 6,000, peleka iliyopo kabla ya siku ya mkutano, mwambie mhazini ukweli juu ya salio na tarehe utamaliza, na uhakikishe ameandika kwa kitabu ukiona. Pasta wako mwambie pia kwamba fungu la kumi linakuja baada ya hapo na sababu ni hii. Kama ni pasta mzuri atakuombea, na pengine Jumapili atahubiri hiyo Mathayo 5.