Andika kwanza kilichomleta mgonjwa

Mwaka wangu wa kwanza wa utabibu, zahanati ya kijijini, kabla kipimo cha haraka cha malaria hakijatufikia, bibi mmoja alikuja mara tatu ndani ya mwezi. "Mwanangu, mwili mzito tu." Homa hana. Kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za afya), cha kuandikia wagonjwa wa nje, kinataka ugonjwa, basi nikaandika malaria. Mara ya pili, malaria tena. Mara ya tatu ndipo nilipokaa kumsikiliza: amefiwa na mumewe, usiku usingizi hauji. Kitabuni amebaki mgonjwa wa malaria hadi leo.

Wadogo zangu mnaoanza kazi, mjue orodha za magonjwa, ambamo kila ugonjwa una jina na namba yake, zilianzia kwa wafu. Ile ya Mfaransa Jacques Bertillon ya mwaka 1893 ilipanga vyanzo vya vifo. Shirika la Afya Duniani lilipoichukua mwaka 1948 likaongeza magonjwa ya walio hai, ila bado ilimfaa zaidi daktari wa wodini, mwenye vipimo na muda. Mgonjwa wa kwetu anakuja na kikohozi, na mara nyingi anaondoka nacho bila jina jingine.

Madaktari wa familia kupitia chama chao cha kimataifa, WONCA, walitoa orodha yao mwaka 1975, na mwaka 1987 ikazaliwa ICPC, orodha ya kimataifa ya huduma za afya za msingi. Hii inakubali kuandika sababu ya mgonjwa kuja, hata kama ugonjwa haujajulikana. Herufi moja, tarakimu mbili: kikohozi R05, uchovu A04, malaria A73. Herufi Z ni ya shida za maisha. Z01 umaskini. Z15 kufiwa na mwenza! Nilipoiona nilinyamaza kidogo. Bibi yangu alikuwa na namba yake.

Huhitaji kompyuta wala namba hizo. Kwenye kadi, mstari wa kwanza uwe maneno ya mgonjwa mwenyewe. Chini yake ulichokiona na ulichopima. Hujapata ugonjwa? Andika dalili, uache hapo. Kipimo kikionyesha hana malaria, usiandike malaria ili kujaza safu. Ripoti ya mwezi inasomwa na wanaopanga dawa. Safu ya "mengineyo" itafura na mfawidhi wako atanung'unika. Wangu alinung'unika miezi miwili.

Anza na wa uchovu. Kabla hujashika kalamu, muulize analala vipi.