240Z ipi: ya Hot Wheels, ya Tomica au Limited Vintage?

Mkubwa, umeuliza kama kuna maana ya kutoa elfu kadhaa kwa kigari cha Datsun 240Z cha Tomica Limited Vintage, ile jamii ya bei ghali ya vigari vya Tomica vya Japani, ilhali ya Hot Wheels inaning'inia supamaketi kwa bei ya chakula cha mchana. Ninazo zote mbili, na ya tatu niliiokota Toi, soko la mitumba la Nairobi, kwa hiyo nakujibu nikiwa nazo hapa mezani.

Nianze na ya Toi. Jumamosi moja nilikuwa natafuta viatu, nikakuta mama mmoja amemwaga gunia la vinyago vya mtumba juu ya turubai: wanasesere wasio na nywele, magurudumu yasiyo na magari. Katikati kulikuwa na kigari kilichobanduka rangi hadi chuma, mlango wa kushoto haupo. Nikakigeuza. Tumboni kimeandikwa Tomica, Fairlady Z 432, kimetengenezwa Japani.

"Mama, hiki pesa ngapi?"

"Hamsini, na uchague kingine."

Nilitoa hiyo finje bila kupatana bei, nikaondoka haraka kama mwizi. Viatu nikavisahau.

Sasa, kabla hujalinganisha chochote, hakikisha unalinganisha gari moja. Z 432 (Fairlady ni jina la Datsun Z huko Japani) na 240Z zina bodi moja lakini si gari moja. 240Z ilianza kama ya kuuzwa nje, injini ya lita 2.4, silinda sita kwa mstari. 432 ilikuwa ya Wajapani wenyewe, lita 2, na jina lake ni hesabu tu: vali 4 kwa kila silinda, kabureta 3, kamshafti 2. Halafu kuna 240ZG, yenye pua ndefu na madigadi yaliyopanuliwa. Watu huweka ZG kando ya 240Z ya kawaida, kisha wanalalamika kwamba mtengenezaji mmoja amekosea pua. Hajakosea, wao ndio hawakusoma tumbo la gari.

Gari lenyewe lilionyeshwa mwaka 1969, na Tomica ilipoanza mwaka 1970 na magari sita, Fairlady Z 432 ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo waliochonga kalibu ile walikuwa wakiliona gari likiwa bado jipya. Mimi naamini jambo hilo linaonekana, hasa pale boneti inapokutana na kioo cha mbele. Unaweza kuniambia ni mapenzi yanayosema, sawa.

Ukitaka kupima, huhitaji kifaa cha maana. Gari halisi lina milimita 2,305 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kigari cha kipimo cha 1:64 ni kidogo mara 64, kwa hiyo gawanya kwa 64, unapata 36. Chukua rula ya mtoto wa shule, laza kigari ubavu, upime. Limited Vintage hushikilia 1:64, kwa hiyo ukiiegesha kando ya gari jingine la jamii hiyo, ukubwa unakubaliana. Tomica ya kawaida hupunguza au kuongeza ili kila gari liingie kwenye kiboksi kilekile, ila angalau hukuandikia kipimo tumboni. Hot Wheels nao wanataka gari litoshee pakiti na likimbie kwenye reli ya plastiki, ndiyo maana lori na Datsun hutoka karibu urefu mmoja. Magurudumu ya Datsun yao ni makubwa na bodi imelala chini, kama gari la kijana wa Eastlands aliyekata springi. Si kosa, ni ladha. Mimi hainikeri, ila usiniambie ni 240Z ilivyotoka kiwandani.

Kuna watu wanaona milango inayofunguka ndiyo ubora. Fikiria: mwanya wa milimita 0.3 kuzunguka mlango ni karibu sentimita 2 kwenye gari la kweli. Hakuna fundi angekukabidhi gari lenye mlango wa hivyo. Ndiyo maana milango ya Limited Vintage yangu imechongwa tu, haifunguki, na mstari wake ni mwembamba kama unywele. Angalia pia taa za mbele. Kwenye Z halisi zimezama ndani ya vishimo kama vijiko. Ya bei ghali ina kipande cha plastiki angavu ndani ya kishimo. Hot Wheels yangu ina uvimbe uliopakwa rangi ya bodi, basi.

Hesabu hiyo ya milimita niliijua baada ya kuumia. Nilinunua kopo la rangi ya kupuliza, nyekundu, nikaipiga ile ya Toi mikono mitatu nikidhani naifufua. Unene wa milimita 0.2 ukiuzidisha mara 64 unakaribia milimita 13. Ni kama kulipiga gari plasta! Mistari ya mlango uliobaki ilizama, nembo ikapotea. Usipake rangi upya. Kilichobanduka kiache kimebanduka.

Nilikuwa bado naikasirikia rangi hiyo wakati mzee alipokuja kutoka Limuru siku ya Pasaka. Yeye alisimama kando ya barabara mwaka 1973, kwenye mbio za magari za Safari Rally, ile ambayo Shekhar Mehta na 240Z yake walimaliza na pointi sawa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800, Mehta akapewa ushindi. Macho yake siku hizi hayaoni vidogo, kwa hiyo alivipima vigari kwa kidole gumba, kuanzia puani hadi paani, kimoja kimoja. Limited Vintage akairudisha haraka: "Hii bado iko dukani." Ya Hot Wheels akasema imebeba mzigo mzito. Kwenye ya Toi kidole kikaenda, kikarudi.

"Boneti ndiyo hii. Lakini mbona hamjaipaka nyeusi?"

Ni kweli, ile nyekundu namba 11 ya Edgar Herrmann, iliyoshinda Safari mwaka 1971, ilikuwa na boneti nyeusi. Mzee akaitisha kalamu ya wino mzito, akaipaka mwenyewe, akavuka mstari upande mmoja.

Kwa hiyo kwa swali lako: kama unataka moja tu ya mezani, jikaze ununue Limited Vintage. Fungua boksi mbele ya anayekuletea, uhesabu vioo vya pembeni. Yangu ilifika na kimoja, na muuzaji hakupokea simu tena. Ukitaka ya kumpa mtoto, ya Hot Wheels itavumilia sakafu ya simenti. Na ukipita Toi ukute gunia limemwagwa, geuza kila kigari utazame tumbo. Ya kwangu usiniulize bei.