Usilifungue faili la diski la mteja kabla ya kulikagua

Kazi yangu ni kuhamisha mashine pepe (kompyuta zinazoigizwa na programu) za wateja kuja kwenye seva zetu. Mteja analeta diski ya mashine yake ikiwa faili la fomati ya QCOW2 au VMDK, nalibadilisha fomati kwa programu ya qemu-img, kisha naiwasha mashine. Wenzangu wengi wanadhani hatari inaanza mashine ikishawaka. Inaanza mapema zaidi, pale unapoliuliza faili hilo ukubwa wake.

QCOW2 inaruhusiwa kutaja faili jingine kuwa ndilo msingi wake. Mwenye nia mbaya anaandika hapo /etc/shadow, faili la seva linalohifadhi nywila zilizosimbwa. Ukiendesha qemu-img convert kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, programu inatii: inasoma siri za seva yako na kuzimwaga kwenye diski mpya, ambayo mteja ataisoma akiwa kwake. VMDK nayo ina maandishi yanayoeleza data iko wapi, na OpenStack, programu ya kuendesha seva za wingu, ilikutwa na dosari ya namna hiyo (iliyosajiliwa kama CVE-2022-47951). Julai 2024 ikaja CVE-2024-32498, safari hii kupitia faili la data la nje la QCOW2, yaani faili tofauti ambalo QCOW2 inalitaja kuwa ndimo data ilimo. Mwezi huohuo CVE-2024-4467 ikaonyesha kuwa hata qemu-img info, amri tuliyoiona ya kutazama tu, ingeweza kusoma au kuandika faili la nje. Hiyo ndiyo iliyonishtua kuliko zote.

Kwa hiyo mimi husoma kwanza kichwa cha faili (baiti zake za mwanzo zenye maelezo) kwa xxd, programu inayoonyesha baiti jinsi zilivyo, bila kuligusa kwa qemu-img. Kwa QCOW2, ukihesabu kuanzia sifuri, baiti ya 8 hadi ya 15 lazima zote ziwe sifuri. Zikiwa na kitu, faili lina msingi, nalirudisha. Kwenye toleo la 3 naangalia pia baiti ya 79: biti yenye thamani ya 4 ikiwaka, data iko nje. Nalo nalirudisha, hata mteja akilalamika.

Fomati itaje mwenyewe kwa -f ya qemu-img, usiiache programu ikisie. Mtu aliye ndani ya mashine yenye diski ya raw (data tupu isiyo na kichwa) anaweza kuandika kichwa cha QCOW2 mwanzoni mwa diski yake, na seva ikaamini.

Ubadilishaji ufanyike kwa mtumiaji asiye na mamlaka, ndani ya kontena (eneo lililotengwa ndani ya seva) isiyo na mtandao wala faili jingine la maana, na amri ya prlimit ikibana kumbukumbu na muda. Ukitaka kuona yaliyomo, usifanye mount (kuiunganisha diski hiyo) kwenye seva yenyewe. Tumia programu ya guestfish, ambayo huusoma mfumo wa mafaili ndani ya mashine pepe yake ndogo.