Kwa mafundi wapya: volti 12 kwenye soketi ya injekta hazijathibitisha kitu

Mwanagenzi wa umeme wa magari hujifunza mapema kwamba injekta ya kawaida ya petroli, yaani kifaa kinachoipulizia injini mafuta, ina nyaya mbili: mmoja huleta volti 12 kupitia rilei mara swichi inapowashwa, na mwingine huenda kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ambayo huugusisha na negativu kwa kitambo kidogo sana kila mafuta yanapotakiwa kupulizwa. Jambo linalochelewa kumwingia, kama lilivyochelewa kuniingia mimi, ni kwamba mita ya volti haivuti mkondo wowote wa maana, na kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonekana mzima kabisa.

Kabla ya kugusa injekta, jua kwanza kama ni silinda moja inayomisi (isiyochoma mafuta vizuri) au injini nzima haiwaki. Kama injekta zote hazifanyi kazi, angalia fyuzi, rilei na sensa ya krenki shafti (inayoiambia kontroli boksi kwamba injini inazunguka), kwa maana injekta nne hazifi asubuhi moja. Kama ni silinda moja, usomapo msimbo wa hitilafu P0303 kwenye mashine ya uchunguzi kumbuka kwamba unakwambia tu silinda ya tatu haichomi vizuri, na chanzo kinaweza kuwa plagi au koili ya kuwashia cheche. P0203 ndio unaoinyoshea kidole saketi ya injekta ya tatu, nao pia unamaanisha saketi nzima, pamoja na waya, soketi na kontroli boksi.

Kisha chomoa soketi upime ukinzani wa injekta yenyewe. Nyingi za aina hii husoma kati ya omu 11 na 18 injini ikiwa ya baridi. Lakini linganisha na za jirani zake, na rudia kipimo injini ikiwa ya moto, kwa kuwa koili ya ndani yenye ufa huweza kushikana ikipoa na kuachana ikipata joto.

Niliwahi kuletewa gari dogo la silinda nne ambalo injekta yake ya tatu ilikuwa imekwisha kubadilishwa mara mbili kwingineko. Injekta ilisoma omu 14, soketi ilikuwa na volti 12, na taa ndogo ya LED niliyoichomeka kwenye soketi ilimeta vizuri nilipopiga stata. Nusu saa nzima nililaumu kontroli boksi. Ndipo nikachukua balbu ya indiketa ya wati 21, nikaiunganisha kati ya pini ya umeme unaoingia na negativu ya betri: kwenye soketi nyingine tatu iliwaka nyeupe, kwenye ya tatu ikawa nyekundu kama kaa linalozimika, na mita ikashuka hadi volti 7. LED ilikuwa imenidanganya kwa sababu ileile ya mita, yaani inavuta mkondo kidogo mno, ilhali injekta ya omu 14 inahitaji karibu ampea 1.

Balbu hiyo isiunganishwe kamwe na waya unaokwenda kwenye kontroli boksi, kwa kuwa unaweza kuiunguza kontroli boksi. Upande huo tumia LED, au osiloskopu (chombo kinachochora umbo la umeme kwenye skrini) ukiwa nayo. Kipimo hiki pia hakifai kwa injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, wala kwa dizeli za komoni reli (ambazo injekta zake hulishwa na bomba moja la shinikizo kubwa), ambako volti za injekta huweza kufika 65 na kuendelea.

Nilipopapasa waya ule, sentimita chache kutoka kwenye soketi palikuwa laini kuliko kwingine. Nilipochana mpira wake nilikuta kutu ya kijani na nyuzi mbili tu zilizosalia. Nilikata hadi kwenye shaba safi, nikaunga kwa lehemu, nikavalisha mpira wa kusinyaa kwa moto, kisha nikaacha waya na ulegevu kidogo, maana ulikuwa umevutwa ukakaza, na kila mtikisiko wa injini ulikuwa ukiukunja palepale.