Usichague mitetea kwa rangi kabla hujawaona wazazi

Mdau wa Himo, usitume hiyo pesa! Umesema jamaa wa huku Arusha anatotolesha vifaranga wa kuku wa mayai wa kahawia, na amekuambia uchague wekundu tu, eti wote ni mitetea. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na mpaka leo yananiuma.

Rangi inasema kweli kwa wazazi wa aina fulani tu. Jogoo awe mwekundu, tuseme Rhode Island Red, na mama awe na jeni (chembe ya urithi) ya weupe, kama Light Sussex. Jeni hiyo inakaa kwenye kromosomu Z, moja ya zile mbili, Z na W, zinazoamua kifaranga awe dume au jike, na weupe hufunika wekundu. Jogoo ana Z mbili, mtetea ana Z moja na W. Z ya mama huenda kwa watoto wa kiume peke yao, ndiyo maana madume hutotolewa wakiwa weupe wa manjano na majike wekundu. Ukigeuza, jogoo akawa Light Sussex halisi na mama mwekundu, wote wanatoka weupe.

Sasa sikiliza hapa, ndipo pesa yangu ilipozama. Yule aliyeniuzia alikuwa anatotolesha mayai ya hao kuku wa kahawia wenyewe, ambao tayari ni chotara, waliopandwa na kaka zao weupe. Kaka hao wana Z moja ya weupe na moja ya wekundu, na wanazigawa kwa watoto wa kike na wa kiume sawasawa. Kwa hiyo kila rangi ina majogoo karibu nusu! Nikainama kwenye boksi nikitoa wekundu mmoja mmoja, kwa bei ya mitetea. Nikawalisha, nikawapa chanjo ya kideri na gumboro kwa wakati. Kufika wiki ya sita vilemba vikaanza kuvimba na kuiva, banda zima ugomvi. Nampigia, ananijibu eti ni bahati mbaya. Bahati gani? Mtu anayetotolesha kwa biashara anajua mayai yake yametoka wapi!

Mambo ya taa na maranda uliyouliza pia, wengine watakujibu. Wewe nenda ukaone banda la wazazi kwa macho yako, jogoo rangi gani, mitetea rangi gani. Akisema wako shamba jingine, au akakuonyesha picha za simu, ondoka. Na kama umeshampa advansi, idai leo kabla hajaingiza mayai kwenye mashine.