Daktari Wako: Roboti Haichoki, Je Walio Kando Yake?

Barua tatu za mwezi huu zimetoka kwa watu wasiofahamiana, na zote zinahusu roboti ya upasuaji wa njia ya mkojo. Mmoja ni mgonjwa, mwingine ni muuguzi, wa tatu ni mke wa mpasuaji. Nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamhusu mwenzake.

SWALI: Daktari, salaam. Nina umri wa miaka 63 na nimegunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume ambayo bado haijatoka nje ya tezi. Nimeelezwa kwamba nitapasuliwa kwa roboti. Je, mashine hiyo hufanya kazi yenyewe? Na je, ni kweli kwamba inaushinda upasuaji wa kawaida, kama wanangu wanavyonihakikishia?
*Baba wa Wanne*

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Roboti zinazotumika kuondoa tezi dume hazikati wala haziamui lolote zenyewe. Mpasuaji huketi kwenye konsoli, yaani meza ya kuiongozea mashine, iliyo hatua chache kutoka kitandani, akatazama picha yenye kina iliyokuzwa hadi takriban mara 10, na kila anapogeuza vidole, vifaa vilivyopitishwa katika matundu madogo ya tumbo lako hugeuka vivyo hivyo. Mashine huchuja mtetemeko wa mkono wake na hupunguza ukubwa wa mwendo, hata sentimita moja ya kiganja chake iwe milimita chache ndani ya mwili. Akiondoa uso wake kwenye kioo, mikono ya roboti husimama papo hapo.

Madaktari wa njia ya mkojo waliipokea mapema kuliko wenzao wengi kwa sababu ya mahali tezi dume ilipo. Imejificha ndani ya nyonga, chini ya kibofu, ikiuzunguka mrija wa mkojo, na pembeni mwake hupita neva nyembamba zinazohusika na nguvu za kiume. Baada ya kuiondoa, mpasuaji hulazimika kukishona kibofu na mrija wa mkojo katika nafasi finyu ambamo mikono miwili ya mwanadamu haienei vizuri. Upasuaji wa kwanza wa aina hiyo kwa roboti ulifanyika Frankfurt mwaka 2000, na mwaka uliofuata mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliruhusu roboti ya da Vinci itumike kwa kazi hiyo.

Kuhusu ushindi, waambie wanao wapunguze mwendo kidogo. Huko Brisbane, Australia, wanaume 326 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya roboti na upasuaji wa wazi, yaani ule wa kawaida wa kulifungua tumbo. Waliopasuliwa kwa roboti walipoteza damu kidogo zaidi na walirudi nyumbani mapema, lakini baada ya wiki 12, na hata baada ya miezi 24, uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Mimi huzingatia zaidi jambo moja ambalo watu huliruka: mpasuaji wa upande wa wazi alikuwa ameshafanya zaidi ya 1,500 kabla ya utafiti huo, na yule wa roboti takriban 200. Wapo wanaosema hilo linaonyesha uwezo wa mashine kumfikisha mtu mbali kwa muda mfupi. Wapo wanaosema linaonyesha kwamba mikono yenye uzoefu haihitaji mashine. Kwako wewe maana yake ni kwamba usiishie kuuliza kama hospitali ina roboti. Muulize daktari amefanya upasuaji huo mara ngapi, wagonjwa wake huchukua muda gani kuacha kuvuja mkojo, na wale watakaosimama kando yako wamefanya kazi naye kwa muda gani. Swali hilo la mwisho huulizwa mara chache sana, na barua inayofuata itakuonyesha kwa nini nimelitaja.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, huu ni mwaka wangu wa tisa. Tangu roboti iletwe kila mtu anampongeza mpasuaji kwamba sasa anaketi na mgongo haumuumi. Mimi husimama kando ya mgonjwa kwa saa nne au tano, nikibadilisha vifaa na kuikwepa mikono ya mashine, huku nikisikia sauti ya mpasuaji kwenye kipaza sauti bila kumwona uso. Bega langu la kulia linauma usiku. Kinachonitisha zaidi ni kwamba nimeanza kuwaona wagonjwa kama namba kwenye orodha. Nilipomweleza msimamizi, alinijibu kwamba teknolojia imekuja kutupunguzia kazi. Je, nimekuwa mvivu?
*Muuguzi Mchovu*

JIBU: Marahaba, sista. Wewe si mvivu, na msimamizi wako amesema nusu ya ukweli. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sijaona mahali msemo huo unapofaa kuliko katika chumba chenye roboti.

Katika upasuaji wa matundu usio wa roboti, mpasuaji husimama muda mrefu akiwa ameinua viwiko, ameikunja shingo, akishika vyuma virefu visivyokunjika nchani. Roboti ilimwondolea sehemu kubwa ya adha hiyo, ingawa naye hulalamikia shingo, macho na vidole pale konsoli isiporekebishwa kulingana na urefu wake. Lakini kazi ya mwili haikutoweka chumbani; ilihama, na sehemu yake imekuangukia wewe. Katika upasuaji wa tezi dume, kitanda huinamishwa kwa nyuzi 25 hadi 30 kichwa cha mgonjwa kikiwa chini, na mara nyingi mikono ya mashine ikishaunganishwa kitanda hakiguswi tena. Mahali ambapo ungesimama kwa raha pamekaliwa na chuma. Unanyoosha mkono juu ya mgonjwa, unakizungusha kiuno, unafyonza damu na kupitisha uzi ukitazama kioo ambacho, nikikisia vyema, kimewekwa mahali pazuri kwa mtu mwingine. Upasuaji ukiisha, mpasuaji anaondoka, nawe unabaki na wenzako mkihesabu vifaa ambavyo kila kimoja kina ukomo wa matumizi na mirija myembamba inayopaswa kusafishwa kwa uangalifu. Nimefanya kazi katika vyumba hivyo kwa miaka mingi, na nakiri kwamba sisi wapasuaji ndio wa mwisho kuuliza nani amesimama tangu asubuhi.

Lipo pia suala la uso. Zamani ulijua mambo yameharibika kabla mpasuaji hajafungua kinywa, kwa kumtazama macho tu; sasa macho hayo yamo ndani ya konsoli. Pendekezeni timu nzima irudie maagizo kwa sauti: yeye akisema “mkasi, mkono wa pili,” wewe ujibu “mkasi, mkono wa pili, umeingia.” Mwanzoni itaonekana kama mchezo wa watoto, lakini hupunguza mikwaruzano na ile hali ya kuzungumza na ukuta. Fanyeni pia mazoezi ya kuitenganisha roboti na mgonjwa kwa dharura, kila mmoja akijua kazi yake, kwa maana hofu ya kutojua la kufanya damu ikifurika ni mzigo ambao watu huubeba kimya kila zamu.

Bega linalouma usiku halingoji. Mara nyingi maumivu ya namna hiyo hutoka kwenye kano zinazolizunguka bega, na zikiachwa huchukua muda mrefu zaidi kupona. Onana na daktari, kisha uombe mambo yanayopimika: kioo kwenye usawa wa macho yako, kigoda cha kusimamia, kupokezana nafasi ya kando ya mgonjwa katikati ya upasuaji mrefu, na mapumziko ya dakika moja au mbili ya kunyoosha mwili kila baada ya nusu saa hivi. Utaratibu huo umejaribiwa katika vyumba vya upasuaji, na haukuonekana kuchelewesha kazi.

Sasa ule ubaridi kwa wagonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, limeueleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kihisia na kazi au kuichukia, na kuhisi kwamba hufanyi tena lolote la maana. Shirika halikuuita ugonjwa. Limeuita hali inayotokana na shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halijashughulikiwa ipasavyo. Tazama lawama imewekwa wapi. Ukipewa semina ya kupumua polepole huku orodha ya wagonjwa ikiongezwa kwa sababu “roboti ni kazi nyepesi,” hospitali itakuwa imetibu jina la tatizo tu. Andika saa unazosimama kwa wiki nne, upasuaji kwa upasuaji, uzipeleke kwa msimamizi ukiwa na wenzako wawili au watatu. Na ikiwa usingizi umekutoka, au umewahi kufikiria kujidhuru, mtafute leo mshauri wa afya ya akili. Barua ya gazeti haitoshi kwa hilo.

SWALI: Mume wangu ni mpasuaji. Miezi miwili iliyopita, alipokuwa akiondoa sehemu ya figo kwa roboti, damu ilitoka kwa wingi na ikabidi afungue tumbo. Mgonjwa alipona. Yeye halali, na ameomba asipangiwe roboti tena. Nimsaidieje?
*Mama Watoto*

JIBU: Pole sana, mama. Katika upasuaji huo mshipa wa damu wa figo kwa kawaida hubanwa kwa muda, na mpasuaji hukata uvimbe na kushona huku akijua kwamba dakika zikizidi takriban 30 figo huanza kudhurika. Roboti nyingi hazimwezeshi kuhisi mvutano wa nyama kwa mkono. Hutegemea macho tu. Kuvuja damu ni hatari inayojulikana, na kufungua tumbo kwa wakati ni uamuzi wa usalama.

Mwaka 2000 daktari Albert Wu alimwita mhudumu aliyejeruhiwa moyo na tukio la namna hii “mwathirika wa pili.” Kiapo cha madaktari cha Azimio la Geneva, kilichorekebishwa mwaka 2017, sasa kinamtaka daktari aangalie pia afya yake mwenyewe ili atoe huduma bora, kwa hiyo kutafuta msaada ni sehemu ya kazi yake. Mwenzake aliyewahi kupatwa na jambo hilo atamfaa kuliko mimi. Kurejea konsoli kwaweza kuanzia kwenye kifaa cha mazoezi kinachoiga upasuaji, kisha pamoja na mpasuaji mwingine mzoefu. Kwa kuwa miezi miwili imepita bila usingizi, aonane pia na mtaalamu wa afya ya akili.

Wewe usimwambie “lakini mgonjwa alipona”, hilo analijua. Muulize, bila kumtaja mgonjwa, aliona nini damu ilipoanza na nani alikuwa kando yake, kisha umwache azungumze mpaka amalize.