Hiyo Picha ya Mtoni Mnayoonyeshana

Mwanangu, ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Unasema vijana wa Shume, huko kwetu Lushoto, wanaonyeshana picha yangu nikiwa nimekaa juu ya jiwe, mto unapita nyuma yangu, majani mekundu kila upande. Unasema kijiweni wanaapa kwamba kazi ya shangazi yako Marekani ni kupunga upepo mtoni na kuhesabu dola. Hayo ningeyaacha yapite. Lakini mwisho wa sauti umesema umeshapata mtu wa kununua kipande chako cha bondeni, pale mfereji wa babu unapoingilia, ili umpe wakala milioni nane akutafutie kazi "kwenye misitu ya huko kwa shangazi".

Nimekasirika, sikufichi. Kisha nikaona haya, maana picha ile niliituma mimi mwenyewe.

Ngoja nikueleze siku ile ilivyokuwa. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Oktoba. Hapa Lincoln, kwenye jimbo la New Hampshire, wiki hiyo hakuna chumba kinachobaki wazi. Watu wanatoka Boston na New York kuja kutazama majani yakibadilika rangi, na barabara ya Kancamagus inayopanda mlima kwenda Conway inajaa magari hadi yanatambaa. Mimi nasafisha vyumba. Niliwaambia "nafanya hotelini", mkaelewa nakaa mapokezi, nami sikuwasahihisha. Ni vyumba 15 kwa siku, na wiki ya majani ni 18. Kutandika, kusugua choo, kutoa nywele za watu kwenye tundu la bafu, kuinama na kuinuka tangu asubuhi.

Siku ile mgeni mmoja akasema haoni mkufu wake. Msimamizi akaniita koridoni, akataka nimwage mkoba wangu juu ya toroli la mashuka, mgeni akiwa amesimama pale pale pamoja na mwenzangu Mjamaika. Nikamwaga. Kipande cha ugali wa jana, maharage kwenye kopo, dawa ya kuchua magoti, noti ya dola tano niliyoachiwa kitandani chumba cha juu, na jiwe. Jiwe jeusi lenye mstari mweupe, nilikuwa nimeliokota mtoni asubuhi. Msimamizi akalichukua, akaligeuza geuza, akaniuliza nimelitoa chumba gani.

Mimi nimefundisha darasa la nne miaka kumi na moja, unajua. Mzazi akija kwangu amefura, nilikuwa nampa kiti kwanza ndipo tuzungumze. Sasa nimesimama koridoni, naulizwa jiwe nimeiba wapi. Nikajibu, "Mtoni." Akalitupia juu ya toroli akaondoka. Pole sikupewa. Mkufu kama ulionekana au haukuonekana, mpaka leo sijaambiwa.

Mchana nilipopata mapumziko nikavuka barabara, nikaenda kukaa mtoni. Mjamaika akanifuata, akanipiga picha ili nitabasamu. Ndiyo hiyo mnayoonyeshana. Ivute karibu uyatazame macho yangu.

Mto wenyewe ni mzuri, na hilo nalo sitakudanganya. Unaitwa East Branch, ni tawi la mto Pemigewasset ambao watu wa hapa wanaukatisha jina na kuuita Pemi. Unashuka katikati ya mawe makubwa meupe kama ng'ombe waliolala. Mwezi wa saba maji yanakuwa maangavu, kokoto za chini unaweza kuzihesabu, na wageni wanajaa juu ya mawe na watoto wao. Ukitia mguu, baridi inapanda mpaka kwenye meno, katikati ya joto kali. Januari mto wote unafunikwa na barafu, juu yake theluji, na ukisimama kimya unasikia maji yakipita huko chini kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Kufikia mwisho wa Machi na Aprili barafu inapasuka. Vipande vyenye ukubwa wa meza vinagongana, maji yanapanda usiku kucha, na barabara zote za udongo zinakuwa tope kuliko njia yetu ya sokoni wakati wa masika. Mei na Juni kuna inzi weusi wadogo wanaoingia masikioni na kuuma mpaka damu inatoka.

Nimekutajia miezi hiyo kwa sababu mshahara wangu unafuata mto. Majani yakiwa mekundu napata masaa mengi. Novemba majani yamekwisha, theluji ya kutelezea bado, milima imebaki vijiti vitupu, na napewa zamu mbili kwa wiki. Desemba watu wa kuteleza wanaanza kuja, narudi kazini kamili. Aprili kwenye matope, zamu mbili tena. Mnaponuna mwezi wa kumi na moja kwamba shangazi ametusahau, kodi ya chumba haijapungua, mafuta ya kupasha nyumba joto ndiyo yanaanza kununuliwa, na masaa hayapo. Nilipaswa kuwaambia hili miaka mingi iliyopita. Niliona aibu.

Sasa hiyo misitu anayokuuzia wakala.

Hotelini kuna mzee fundi wa mabomba. Babu yake alitoka Quebec akiwa kijana, akaja kukata miti kwenye milima hii. Siku moja isiyo na zamu mzee alinichukua na gari lake mpaka mahali panapoitwa Lincoln Woods. Unavuka daraja la kuning'inia juu ya East Branch, kisha njia inaenda moja kwa moja kandokando ya mto, imenyooka, pana, haina mwinuko. Nikamuuliza mbona njia ya porini imenyooka hivi. Akanionyesha chini: mataruma, ile miti inayolazwa chini ya reli. Bado yapo ardhini, yameoza nusu, na watalii wanayaruka bila kujua wanaruka nini.

Tajiri aliyeitwa James Everell Henry alifika hapa 1892, akanunua mabonde haya, akajenga mji na kiwanda cha mbao, akaingiza reli yake mwenyewe mpaka ndani kabisa ya mlima. Reli ilianza 1893 na iliondoka 1948, wakati huo ikiwa mikononi mwa wengine. Walikata misprusi, miti mirefu ya kijani isiyopukutisha majani, bonde baada ya bonde. Wakaacha matawi yamelala yamekauka. Moto ukaja. 1903 milima ya huku iliungua vibaya, na 1907 ukaungua ukanda huu wa Pemi. Mzee anasema babu yake alisimulia udongo wenyewe ukiwaka, mpaka ukabaki mwamba. Ndiyo maana leo pana miti mingi yenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi: ndiyo huota kwanza palipoungua.

Na wewe mtoto wa Shume unajua kinachofuata mlima ukivuliwa nguo. Mvua na theluji haziingii tena ardhini, zinateremka zote kwa siku moja. Mto unafurika masika, unakauka kiangazi, unabeba majivu na mchanga. Pemigewasset unashuka mpaka Franklin, hapo unakutana na mto mwingine na kuwa Merrimack, na Merrimack ndio uliokuwa ukizungusha viwanda vya nguo vya Manchester ya jimbo hili hili. Wenye viwanda walipoona maji yanawachezea nao wakaanza kupiga kelele, na hapo ndipo wakubwa walisikia. Machi 1911 ilipitishwa sheria ya kuiruhusu serikali kununua milima yenye vyanzo vya mito. Wakanunua kipande kwa kipande, visiki na majivu. 1918 ukatangazwa msitu wa taifa, na leo una karibu ekari 800,000. Mandhari yote unayoiona kwenye picha ni mlima uliouzwa, ukanyofolewa, ukanunuliwa upya, kisha ukasubiriwa miaka mia moja.

Waliokata hawakuwa na sehemu yao. Walikuwa watu wa Quebec, Wairishi, Wapoland, Warusi, wamebanana kwenye mabanda ya mbao, wakivaa nguo mbichi za jana. Kwenye mto Connecticut, upande wa magharibi wa jimbo hili, magogo yalisafiri kwa maji. Yalikatwa majira ya baridi, yakarundikwa ukingoni, na barafu ikivunjika yanasukumwa mtoni yote pamoja. Vijana walitembea juu ya magogo yanayoelea, viatu vina misumari chini, mikononi wameshika miti yenye kulabu. Aliyeteleza kati ya magogo mawili alizikwa hapo hapo ukingoni, na viatu vyake vikaning'inizwa kwenye tawi. Safari kubwa ya mwisho ya magogo kwenye mto ule ilikuwa 1915. Nilimuuliza mzee kama makwao walipata habari. Akasema wengine wao hata jina halikuandikwa sawasawa.

Tangu siku ile nikifika mtoni nawawaza wale. Nao bila shaka walituma habari kwao kwamba wako salama, kazi ipo.

Unakumbuka babu yako alivyotuonyesha visiki vya mwangati kule juu? Na kamba ya Mjerumani, iliyoteremsha magogo kutoka Shume hewani mpaka Mkumbara kwenye reli? Babu wa huyo babu yako alibeba vyuma vya kamba ile mgongoni kupandisha mlima. Mbao zilishuka, zikaenda, na sisi tulibaki na mfereji. Huo mfereji, mwanangu! Ndio unaotaka kuuza na shamba lake kwa milioni nane. Serikali ya Marekani na utajiri wake wote imelipia milima iliyokwisha kuungua ili mito yake itulie. Wewe ukishauza bondeni utalirudisha kwa kitu gani? Kwa mshahara wa kusugua vyoo? Nimepiga hesabu ya nilichoweka akiba miaka hii yote, hakifikii bei ya kununua shamba lenye maji Lushoto leo.

Kwa hiyo usije.

Lakini nisikilize vizuri, sijasema usije kabisa. Mimi nilikuja kwa bahati nasibu ya green card, kibali cha kuishi na kufanya kazi Marekani, na kwa fedha za vyoo hivyo dada yako amemaliza chuo na bibi yako analala chini ya bati lisilovuja. Siwezi kula ndizi halafu nikwambie wewe usimenye. Bahati nasibu ikifunguliwa jaza mwenyewe, na cheti chako cha kidato cha nne kitunze. Wakala wa nini? Hakuna mtu Mombo wala Tanga mwenye uwezo wa kukuchagulia jina. Anayekuambia ana kazi ya msituni imekusubiri, muulize mwajiri ni nani na hiyo kazi inatumia viza gani, umwone atakavyobadilisha mazungumzo. Mjamaika wangu yuko hapa kwa viza ya msimu. Anajua siku ya kuingia na siku ya kutoka, na karatasi zina jina la mwajiri.

Ukija, usikubali kazi kama yangu. Soma hata jioni, shika ufundi, umeme au mabomba, huyu mzee wa mabomba anaheshimiwa kuliko meneja. Na ukifika ukakuta ni vyoo tu vilivyopo, visugue mpaka ving'ae na usione aibu, maana aibu ndiyo iliyonifanya niwafiche miaka yote hii. Viatu vya baridi usinunue huko, vya mitumba vitakuponza kwenye barafu. Sweta la bibi ulilete, la dukani halipashi joto lile. Usimtumie mtu picha mwaka wa kwanza. Au mtumie, lakini piga na mikono yako ionekane.

Nisamehe kama nimekufokea. Ningekuwa na umri wako, nikaona picha ile, na mimi ningeuza.

Desemba nikirudishiwa masaa nitatuma dola 200. Hizo ni za mpira wa maji, utoke kwenye mfereji mpaka kwenye miti ya peasi ya juu, siyo za nauli ya kwenda kumwona wakala. Huyo mnunuzi mwambie shangazi amekataa, maneno yote niwekee mimi, anichukie mimi niliye mbali. Na uniambie ukweli, mwezi huu maji ya mfereji bado yanafika kwenye lile jiwe tulilokuwa tunafulia, au yanaishia juu kwa wenye kabeji?

Hayo ya mkoba na toroli bibi yako asiyasikie.